Nilichojifunza Bourgogne, Nikakitema Wamaza

Kwa nini nilitema? Nimejiuliza hivyo tangu saa nane mchana huu, nikiwa na shahada mbili za kilimo na umri wa miaka arobaini na saba, na bado sina jibu la kumpa mtu.

Marafiki, leo nimejivunjia heshima mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe, na hakuna aliyenisukuma. Naandika nikiwa nimesimama juu ya kichuguu nyuma ya kanisa, hapa Wamaza, kwa kuwa ndipo mahali pekee ambapo simu yangu inashika mtandao. (Siku kama hii haikuwa na mahali pengine pa kuishia.)

Wengi wenu mnamjua mdogo wangu Dieudonné, fundi wa pikipiki pale Kasongo. Ni mwaka wa nne sasa anampenda Feza, muuguzi wa kituo cha afya cha huku. Baba yake Feza, Papa Kalume, ni mgema wa malafu, pombe ya mchikichi, na sifa yake imefika hadi Salamabila, ambako wachimba dhahabu huisubiri pikipiki inayobeba madumu yake. Miaka mitatu alikataa hata kutupokea. Mwezi uliopita akalainika, akasema tuje. Kwa kuwa baba yetu hayupo tena, mimi ndiye msemaji.

Katika nyumba ile neno la posa halijibiwi kwa maneno. Baba wa binti hujaza kata, hunywa yeye kwanza mbele ya watu wote ili ionekane kwamba hakuna sumu, kisha humpa msemaji. Msemaji akimeza, mazungumzo yamefunguliwa. Ni hilo tu: kumeza. Kazi ambayo mtoto wa siku mbili huiweza.

Tulitoka Kasongo alfajiri na pikipiki mbili, na Shangazi Veronika alikuwa juu ya ile ya mbele, mwavuli mkononi, akimkaripia dereva kila dimbwi. Tulipofika, tukanawa vumbi, tukaketishwa uani. Watu walikuwa kama ishirini. Shangazi akaninong'oneza:

"Umusimulie kidogo mambo ya Ulaya. Baba huyu anapenda watu waliosoma."

Hapa sina budi kurudi nyuma, vinginevyo mtaniona mwendawazimu. (Huenda mtaniona hivyo hata hivyo.) Mwaka juzi, mwishoni mwa mwezi wa nane, taasisi ninakofundisha ilinituma Bourgogne, Ufaransa, kutazama kilimo cha mizabibu. Tulifika majuma machache kabla ya mavuno, wakati wenye mashamba bado wana nafasi ya kupokea wageni: zabibu zimekwisha kugeuka rangi, lakini mikasi haijaingia. Siku sita, mashamba sita. Asubuhi tulitembea kati ya mistari, tukatafuna punje mojamoja na kutemea mbegu kiganjani ili kuona kama zimekuwa za kahawia. Kisha tukateremka kwenye ghala la chini ya ardhi kuonja divai ya mwaka uliotangulia.

Siku ya kwanza nilimeza kila nilichopewa, kwa adabu ya kwetu. Kabla ya saa tano nilikuwa nimelikumbatia pipa. Mwenyeji wetu, mama mmoja mpole sana, akanisogezea ndoo na kunieleza kwamba mwonjaji huzungusha, hunusa, husukutua, kisha hutema. Kutema ndiyo heshima yenyewe. Kunaonyesha kwamba umekuja kufahamu, si kulewa. Basi nikatema. Kufikia siku ya sita nililenga ndoo kutoka hatua mbili na sikukosa. (Nilijivunia jambo hili. Niliwasimulia hata wanafunzi. Mungu anisamehe.)

Turudi uani. Papa Kalume aliposikia habari ya Bourgogne, alisogeza kiti.

"Wazungu wale wanapanda muti na nini? Na kamba?"

"Hawapandi, Papa. Muzabibu unafika hapa tu." Nikaonyesha kiunoni.

"Muti wa pombe unafika kwa kiuno!" Alicheka mpaka akapangusa macho. "Sasa mugema anafanya kazi gani?"

Uani kote walicheka naye. Dieudonné, aliyekuwa ameketi nyuma yangu kama inavyompasa mchumba, alinigusa mgongo kwa furaha. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno. Laiti ningenyamaza hapo!

Papa Kalume akajaza kata kutoka kibuyuni. Akanywa, akameza kwa sauti ili kila mtu asikie, akanipa. Mimi, badala ya kunywa kama mtu, nikasema: "Papa, acha nikuonyeshe vile wanaonja kule."

Nikaiinua kata kwenye mwanga. Nikaizungusha. Watu wakainua shingo, wakapendezwa. Nikanusa, nikafumba macho. (Nilifumba macho!) Nikajaza kinywa, nikasukutua kushoto, nikasukutua kulia, na nilikuwa kwa hakika nimekusudia kumeza.

Nikatema.

Lilikuwa tema safi, la mtu aliyefundishwa. Lilipaa, likapita mbele ya magoti ya Shangazi, likatua katikati ya uwanja uliofagiwa tangu asubuhi kwa ajili yetu.

Papa Kalume aliangalia pale chini, kisha akaniangalia mimi.

"Umetema?"

"Papa, iko hivi..."

"Nilikunywa wa kwanza. Mbele ya macho yako. Nimekufa?"

"Hapana, Papa."

"Mutu akitema malafu yangu, anaambia hawa wote kama mimi niko mulozi. Natilia watu sumu."

"Haiko vile, Papa! Kule Ufaransa kutema iko heshima!"

"Heshima." Alilirudia neno lile taratibu, kama mtu anayetafuna mchanga. "Wanatema pombe mbele ya mwenye kuitengeneza?"

"Mwenyewe ndiye alinipa ndoo, Papa."

"Wale watu wana wazimu, ao weye unanicheka."

Kwa wakati ule hata mimi sikuwa na hakika. Akachukua jani la mgomba, akalisokota, akakiziba kibuyu. "Kimefungwa. Murudi kwenu Kasongo." Akaingia ndani. Watu wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja akilizunguka lile doa kwa mbali kama shimo la choo.

Feza akaja na ufagio. Hakupandisha sauti. "Shemeji, ungejifanya hata unakohoa."

Dieudonné, ambaye huniita Yaya, yaani kaka, alisema neno moja tu, na ndilo lililonipandisha kichuguu hiki: "Yaya, miaka ine namungoja huyu mwanamuke. Weye umeimaliza na mate ya mara moja."

Shangazi Veronika, kwa upande wake, hajanyamaza tangu saa nane. "Nilikuambia umusimulie Ulaya! Nilikuambia umuonyeshe?" Anataka twende kesho na mbuzi wa kuomba msamaha. Mimi naona mbuzi atathibitisha tu kwamba nilikuwa na kosa la kuficha. Malafu nimeyatema kwa kinywa. Sioni mbuzi anahusikaje. Nimeamua kwamba kesho asubuhi nita

*

Mtandao ulikatika hapo jana, na jua lilikuwa linazama. Naendelea leo, kichuguu kilekile, lakini safari hii nimeketi. Sababu mtaiona.

Tulilala hapa kanisani, maana usiku njia ya Kasongo haipitiki. Kulipopambazuka, kabla Shangazi hajaamka, nilikwenda peke yangu kwenye michikichi ya Papa Kalume. Alikuwa chini ya mti wa kwanza, anafunga kamba ya kupandia kiunoni.

"Shikamoo, Papa. Nimekuja kukunywa malafu."

Alipanda, akashuka na kibuyu kilichokinga malafu usiku kucha, akajaza kata, akanywa kwanza. Akanipa. Nilimeza. Aliliangalia koo langu kama mtu anayekagua daraja kabla ya kupitisha mzigo.

"Kule kwa Wazungu ulitembelea mashamba ngapi?"

"Sita, Papa."

"Michikichi yangu iko saba. Twende."

Ndugu zangu, tulikwenda. Mti kwa mti, kata kwa kata, tumbo tupu, na kila mara alinywa yeye kwanza, kila mara akaja karibu kuliangalia koo. Sikuzungusha. Sikunusa. Kwenye mti wa nne, ulio kando ya kijito, akaniuliza ghafla: "Hii na ile ya kwanza, iko tofauti?"

Ningeweza kusema zote ni tamu. Nikamwambia ukweli: ile ya kwanza ina utamu wa mbele, hii ina ukali unaochelewa, unaokuja ukishameza.

Alisimama. "Ile ukali, watoto wangu wote hawaisikie," akasema. "Nawaambia kila siku. Wanasema ninazeeka." Akanijazia kata ya pili ya mti uleule, ambayo sikuihitaji kabisa.

Mti wa sita niliuegemea. Wa saba niliukumbatia, kama lile pipa la Bourgogne, lakini nilimeza, tone la mwisho, nikamrudishia kata ikiwa kavu. Papa Kalume akajimiminia ya kwake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hapakuwa na mtu ila mimi. Akasukutua. Kisha, kwa uangalifu mkubwa, akatema nyuma ya mti.

Akafikiri.

"Hapana," akasema. "Wale wanapoteza bure." Akaniwekea kibuyu kilichojaa mikononi, bila jani la kukiziba. "Beba mupaka ku nyumba yangu. Uamushe shangazi yako. Na ule mudogo yako, aoge."

Nimekibeba mpaka uani kwa mikono miwili, kwa mwendo wa mtu anayevuka mto juu ya gogo, na sikumwaga. Mwenye kucheka acheke, lakini nawaomba iwe bila sauti: kichwa changu kina michikichi saba.