Jembe la Ruguru na Kunde Mwitu ya Mwisho

Sogeeni, enyi mliowahi kung'oa gugu bila kuliuliza jina lake, mketi na mtege masikio, maana nakusudia kunena habari ya vita vilivyopiganwa nje kidogo ya Ishiara, asubuhi moja ya jua kali, vita ambavyo waandishi wa falme kubwa hawakuviandika kwa sababu hawakualikwa. Mimi pia sikualikwa, ila nyumba yangu iko ng'ambo ya njia, na macho yangu yangali mazima.

Alikuwako Rwamba binti Njuki, mwalimu wa bayolojia asiye na ajira ya kudumu, mstahimilivu wa barua za pole, ambaye mwaka baada ya mwaka aliviomba vyuo vya ng'ambo nafasi ya kusomea uzamivu, navyo vikamkataa kwa adabu kubwa. Moyo wake ulikuwa kwenye kunde mwitu, mmea mwembamba unaojiotea katikati ya mtama, wenye maganda madogo yasiyomshibisha hata kuku. Alitaka kujua kwa nini mmea huo husitawi mwaka ambao tumenyimwa mvua na kunde zetu za kupanda zimekauka. Hatimaye chuo kimoja kikamwita kwenye usaili wa simu ya video, saa nne asubuhi, na maprofesa wake wakaomba wauone mmea wenyewe ukiwa hai, umechanua, palepale ulipoota. Nafasi ilikuwa moja tu. Rwamba alikuwa amemwambia mama yake kwamba akikataliwa safari hii, hataomba tena.

Basi mama yake, Ruguru mwenye jembe kali, hofu ya magugu yote toka Ishiara hadi Karurumo, katika maelezo hayo marefu alisikia jambo moja tu, nalo ni kwamba kuna wageni watakaolitazama shamba lake. Na huku kwetu mgeni akitarajiwa, uwanja hufagiliwa, kikombe kisicho na ufa hutafutwa, na shamba hupaliliwa. Jua lilipochomoza likamkuta kazini. Alifyeka kushoto, akafyeka kulia, hakumhurumia mchanga wala mzee, na majeruhi wote akawatupia mbuzi.

Rwamba alipotoka, simu mkononi, alikuta mtama na kunde za kupanda vimesimama kwa mistari iliyonyooka na udongo mwekundu ukiwa mtupu.

"Mami, ile kunde mwitu ilikuwa hapa iko wapi?"

"Hiyo takataka nimepatia mbuzi," akanena Ruguru, amejaa fahari. "Ama ningewaacha hao maprofesa waone shamba yangu iko msitu, waseme Rwamba ametoka kwa watu wavivu?"

"Mami, hiyo takataka ndiyo wanataka kuona."

Hakupiga kelele. Aliketi chini, na sketi yake ya usaili, kwenye udongo. Mimi nilitazama pembeni, kwa kuwa kuna huzuni ambayo hata jirani mbea huona haya kuitazama. Ruguru naye akaliweka jembe chini, jambo ambalo wanaomjua watawaambia halijawahi kutokea kabla ya adhuhuri.

Pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu, na wote wawili walipajua. Nyuma ya boma la miiba lilikuwako shamba la Gachoki, mpenda kivuli, bwana wa kiti cha plastiki, ambaye jembe lake lilishika kutu tangu siku liliponunuliwa. Humo kila mbegu iliyodondoshwa na ndege iliota, ikakua, ikazeeka kwa amani. Mwaka uliopita Ruguru alikuwa amemshtaki kwenye baraza la chifu kwa kumpelekea mbegu za magugu, na tangu hapo hawakuwa wakisalimiana. Sasa akavaa leso yake vizuri, akaenda na binti yake kupiga hodi.

Gachoki hakuinuka kitini, ila hotuba aliitoa kamili.

"Ruguru, uliniambia mbele ya chifu na watu wote ati shamba yangu ni aibu ya kijiji. Leo umekuja kwa hii aibu na heshima zako zote. Mimi sitaki kitu. Sema tu hapa, bibi yangu Lenah akisikia, ati shamba ya Gachoki iko na faida."

Majeshi mengi yamewahi kusalimu amri kwa uchungu mdogo kuliko huo. Ruguru akamtazama bintiye, akamgeukia Lenah.

"Lenah, shamba ya bwana yako iko na faida. Leo."

Lenah akauliza kama kesho pia, akaambiwa kesho wataona, akacheka hadi akaegemea ukuta. Njia ikafunguliwa, nami nikafuata nyuma bila kualikwa.

Ndani ya msitu ule walipata kunde mwitu moja tu iliyochanua, na ua lake moja la zambarau, ambalo kabla ya adhuhuri lingejikunja. Simu ikalia papo hapo. Rwamba akapiga magoti kwenye michongoma, nyuso za maprofesa zikatokea, na wakati huohuo akatokea beberu wa Gachoki, mwenye ndevu na asiye na haya, macho yake kwenye ua lile. Lakini mbele yake alisimama Ruguru. Aliyekuwa ameziangamiza kunde mwitu zote asubuhi ile akatandaza leso kama ukuta, akashika pembe, akasukumwa, akasukuma, kandambili moja ikaruka, wala hakurudi nyuma hata kidogo.

Profesa mkuu, mama wa makamo, akataka kujua ghasia ile ni ya nini, na kwa nini mmea uko hapa peke yake. Rwamba angeweza kudanganya. Badala yake akaeleza yote, kisha akageuka kumtazama mama yake akipambana na beberu, na nikaona uso wake ukibadilika.

"Jembe la mama yangu ndilo linaloamua mmea upi uishi," akasema. "Mmea unaofanana na gugu hung'olewa. Ule unaofanana na kunde zetu huponyoka, huzaa, na watoto wake hufanana nazo zaidi. Nimekuwa nikipima mvua na udongo, na nimemsahau mama. Nataka kumpima na yeye."

Maprofesa wakaegemea mbele, na maswali yao hayakukoma mpaka ua likajikunja lenyewe. Wiki iliyofuata nafasi ile ikawa yake.

Msimu wa mvua uliofuata Rwamba alikuwa ameshakwenda chuoni, akiwa ameacha agizo kwamba mama yake alime vilevile alivyolima siku zote, asibadili chochote, ili utafiti uwe wa kweli. Nami nikamwona Ruguru akishuka na mstari wa mtama, akifyeka, hadi akakifikia kijimea chembamba ambacho hata mimi nakijua sasa. Jembe likapanda juu. Likakaa huko. Kisha akalishusha upande wa pili, taratibu, na kwa mara ya pili akauharibu utafiti wa mwanawe kwa kumpenda.

Iandikwe basi kwamba siku hiyo, katika nchi ya Mbeere, gugu moja lilipita salama mbele ya jembe la Ruguru, naye akalichotea maji.