Njia ya Tatu ya Kulipa Kodi ya Ardhi San Tarcisio

Wananchi wote wa mji wa San Tarcisio wanaodaiwa malimbikizo ya kodi ya ardhi wanatangaziwa kwamba serikali ya mji, baada ya tafakuri nzito, imewafungulia njia tatu za kujikomboa. Kwanza, kulipa chote. Pili, kulipa kidogo kidogo. Tatu, kuimba karaoke mbele ya mhazini, na alama zitakazotolewa na mashine ndizo asilimia ya deni itakayosamehewa.

Tangazo hilo lilionekana Jumatatu kwenye mlango wa ukumbi wa mji. Kabla ofisi hazijafunguliwa, foleni ilikuwa imefika kanisani, na mashine ya karaoke, kipaza sauti chake juu, ilikuwa imeshaletwa mlangoni.

Mhazini wetu, Bi Purita Lacsamana, alilisoma mara mbili, kisha akanyoosha mkono alibandue. Hapo ndipo gari la baba yangu lilipowasili. Baba yangu ni Meya Fidelino Abrenica, na tangu nimjue hajawahi kukuta umati na kipaza sauti akavipita.

"Ndugu zangu," alisema, "wazo hili nimelibeba moyoni tangu mwaka jana."

Bi Purita akarudisha mkono. Kisera, jambo lilikuwa limeshapitishwa.

Wa kwanza alikuwa Mama Ising, ambaye mgahawa wake nyuma ya soko ulikuwa upigwe mnada Ijumaa.

"Utaimba nini, mama?" Bi Purita alimuuliza.

"Chochote chenye kelele. Maisha yangu yote naita wateja kwa kushindana na pikipiki. Hiyo mashine itanisikia tu, itake isitake."

Akaimba. Mbwa wawili walihama mtaa. Mashine ikapiga tarumbeta: tisini na saba. Mama Ising akachomoa asilimia tatu zilizobaki kwenye aproni, akapewa risiti, akaibusu.

"Ijumaa njooni," aliwaambia watu. "Mnada hakuna, mchuzi wa ukwaju upo."

Sauti ikatoka kwenye foleni: "Na mheshimiwa je? Lile shamba la nguruwe linalipiwa?"

"Mimi ni kiongozi," baba alijibu. "Deni langu kwenu ni la upendo."

"Na la ardhi," Bi Purita alisema kwa upole. "Miaka tisa."

Makofi yakaanza, polepole, kama ya kumsindikiza bwana harusi. Baba akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akaimba wimbo wa mapenzi na kurudia kiitikio bila kuombwa.

Arobaini na moja.

"Mashine hii ni mbovu," alisema.

"Taratibu, mheshimiwa," Mama Ising alimwambia. "Ndiyo uliyotugawia wakati wa kampeni."

Bi Purita alishatoa kikokotoo. "Imebaki asilimia hamsini na tisa. Unalipa chote, au kidogo kidogo?"

Baba alimwinamia sikioni. "Nani ameandika upuuzi huu?" alinong'ona, kipaza sauti kikiwa bado mkononi, na mji mzima ukasikia.

"Si wazo lako la mwaka jana?"

Watu walicheka mpaka foleni ikapinda. Walicheka wote isipokuwa mimi, na hilo ndilo lililoniponza. Baba ananifahamu: huwa sicheki mizaha yangu mwenyewe.

"Crispulo," aliita. "Wale mapadri ninaowalipa ada huko shule ya bweni, wanakufundisha nini?"

"Insha, baba."

"Kwa hiyo ni wewe."

Nilisimama wima, mikono nyuma, kama tunavyofanya mbele ya mwalimu wa nidhamu.

"Tangazo ni langu, baba," nilikiri. "Arobaini na moja ni yako."