Onja Kwanza, Daktari

Bwana Vitamini alikuwa na koti jeupe. Mjini ukiwa na koti jeupe, nusu ya udaktari umeshaimaliza. Nusu iliyobaki ni mdomo, na mdomo alizaliwa nao. Koti lenyewe alilinunua kwa muuza nyama aliyeacha kazi, ndiyo maana alitembea amebana kwapa la kushoto. Hapo palikuwa na doa la damu lililokataa sabuni zote.

Asubuhi hiyo alikuwa anapita sokoni kutafuta riziki ya mtu mwingine. Akamsikia mama wa vitunguu saumu akimlalamikia jirani yake. Magunia matatu, vitunguu vyote vimechipua. Visipoondoka leo, kesho ni vya jalala, na meza yake anapewa mwingine.

Bwana Vitamini akasimama. Wengine waliona vitunguu vilivyoharibika. Yeye aliona mtaji wenye majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, unalia na dawa umeikalia?"

"Nimekalia gunia, baba."

"Dawa hiyo! Kitunguu kilichochipua kina nguvu mara mbili. Niachie mimi niongee, jioni tunagawana nusu kwa nusu. Ila fedha nashika mimi. Fedha ya dawa ikiguswa na mwenye kitunguu, dawa inapoa."

Mama akamtazama kuanzia koti mpaka viatu. Kwenye viatu akakaa kidogo. Vilikuwa viatu vya kukimbilia, vipya, kamba zimekazwa mafundo mawili.

"Haya mwanangu," akasema. "Anza tu. Ngoja nikamsalimie dada yangu kule kwenye mchele."

Bwana Vitamini akapanda juu ya kreti.

"Wazazi wangu! Kitunguu saumu ni kizuri kwa moyo, hilo hata mtoto atawaambia. Lakini nani amewaambia kinaotesha nywele? Nani amewaambia kinamrudisha mume aliyehamia chumba cha wageni?"

Watu wakajaa. Kila mtu alikuja na ugonjwa wake, na asiye na ugonjwa aliazima wa shemeji.

"Daktari," aliuliza karani mmoja mwenye tai, "kinasaidia mambo ya kazini?"

"Tafuna viwili asubuhi, uone kama bosi atakusogelea kukugombeza."

Karani akachukua kilo nzima. Na tuseme haki, hiyo ndiyo ahadi pekee iliyotimia siku ile.

Kisha akajitokeza mama mmoja mnene, vumbi la mchele limemjaa mikononi. Akaweka fedha mezani, halafu akaifunika kwa kiganja.

"Onja kwanza, daktari."

"Nionje nini, mama yangu?"

"Dawa yako. Desturi ya soko hili, muuza dawa anaonja mbele ya kila mnunuzi. Au wewe mgeni hapa?"

Tapeli unaweza kumwita mwizi, atacheka. Kumwita mgeni ni tusi.

"Mimi? Nimekulia hapa!" Akatwaa punje, akaimenya, akatafuna.

Nyuma ya yule mama alisimama mzee mwenye upara unaong'aa kama sahani. "Na mimi nionjee," akasema. "Desturi ni desturi. Babu yangu hakuwahi kununua hapa bila muuzaji kuonja."

Desturi ilikuwa na umri wa dakika mbili. Kufika mchana ilikuwa na mababu, ilikuwa na miiko, na mwanamke mmoja alishamfinya binti yake kwa kuidharau.

Bwana Vitamini akatafuna. Akatafuna kwa ajili ya upara, kwa ajili ya mgongo, kwa ajili ya mtoto asiyependa hesabu. Machozi yakamtiririka, wateja wakanong'onezana kwamba daktari huyu ana huruma. Tumbo likaanza kusema maneno yake lenyewe. Lakini mkoba ulikuwa unanona, na tamaa haina pua.

Jua lilipolegea, magunia yalikuwa matupu.

"Mama, natoka mara moja. Naenda chooni."

"Nenda mwanangu, usijibane."

Choo kilikuwa kushoto. Yeye akapinda kulia, na hapo viatu vikaonyesha vilinunuliwa kwa kazi gani.

Mama wa vitunguu hakukimbia. Alikung'uta upande wa khanga yake, akamwita dada yake wa mchele, wakaondoka kwa mwendo wa watu waendao kumjulia hali mgonjwa. Hawakuuliza njia. Kila kona kulikuwa na mtu ameziba pua, na kila aliyeziba alikuwa anatazama alikopita daktari. Mwisho wakafika kwa fundi seremala, aliyekuwa amesimama mbele ya makabati yake, amekunja uso.

"Dada zangu, nisaidieni. Hili kabati nimelipaka vanishi leo leo. Mbona linanuka mchuzi?"

Kabla hawajamjibu, kabati likacheua.

Mama akafungua mlango. Bwana Vitamini alikuwa amejikunja ndani, mkoba kifuani, macho mekundu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nilikuwa naitunza."

"Umetunza vizuri. Lete."

Akaleta. "Lakini tulikubaliana nusu kwa nusu."

"Nusu yako umeshaila, tangu asubuhi."

"Si ilikuwa desturi ya soko!"

Yule dada akacheka mpaka vumbi la mchele likaruka. "Desturi gani, baba? Tumeitunga leo, pale kwenye mizani yangu. Na viatu hivyo, sisi na miguu hii tungekupatia wapi?"

Kesho yake mama alifungua meza na vitunguu vipya, vikavu, visivyo na jani hata moja. Mteja wa kwanza alikuwa yule mzee wa upara, na nyuma yake foleni.

"Onja kwanza, mama."

"Aa, mzee wangu, ile jana ilikuwa utani."

"Utani?" Foleni yote ikaguna. "Desturi ya mababu unaiita utani?"

Mama akageuka kutafuta msaada kwa jirani. Jirani aliuza sabuni, na tayari alikuwa anatoka povu.

Akachagua punje iliyo ndogo kuliko zote, akafumba macho.