Miaka Sita Niliyoikata

Jumatatu, 3 Machi
Sabuni ya mche imekonda, bei yake imenenepa. Mwenye duka anasema vitu vimepanda, bibi. Vimepanda wapi, juu ya paa? Pensheni yangu mbona haijui kupanda! Ni ile ile tangu nilipoacha kufua mashuka ya hospitali, miaka saba sasa. Zamani ilivuka mwezi. Siku hizi inakata roho tarehe tisa, kisha nanywa chai bila sukari na kumsingizia daktari.

Redio imetangaza nyongeza kwa wastaafu waliofika miaka sabini. Mimi nina sabini na tatu. Tatizo ni karatasi. Zinasema sitini na saba. Waliponiajiri walitaka wasiozidi thelathini, nami nilikuwa na thelathini na nne. Nikakata sita. Nani asingekata?

Mdogo wangu wa kike, aliyepika hospitali hiyo hiyo, ana sabini na moja ya kweli. Yeye atapata. Yule niliyemfuta kamasi!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda ofisi ya pensheni kurudishiwa miaka yangu. Nimevaa miwani ya marehemu mume wangu na kushika fimbo. Sikuona kitu, nikaliamkia kabati. Binti wa dirishani akasema uzee hauangaliwi kwenye fimbo, bibi, niende na ndugu anayejua nilizaliwa lini. Ndugu gani? Wote wamezikwa. Kabaki mpishi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwomba mdogo wangu. Alinikalisha kwenye kigoda, yeye kwenye kiti. Akasema atanishuhudia nikimpa sukari kilo mbili, na nikiri kwamba maharage yake hayakuwa mabichi ile siku mganga mkuu alipovunjika jino. Kilo mbili, bei hizi! Nimempa moja na nusu. Maharage nimekiri, huku nimekunja vidole mgongoni ili neno lisihesabike. Yalikuwa mawe.

Alhamisi, 6 Machi
Mkosi!

Mdogo wangu alishuhudia vizuri. Alisema nilimbeba mgongoni na kumpiga makofi kila siku, na makofi akayaeleza moja moja, kama mtu aliyeyahifadhi kwa ajili ya siku hiyo. Binti akafungua faili langu. Akahesabu kwa kalamu. Akahesabu tena. Akasema kama nina sabini na tatu, basi nilistaafu na sitini na sita badala ya sitini. Mishahara ya miaka sita sikustahili. Itabidi irudishwe, ikatwe kwenye pensheni.

Shule niliishia darasa la nne, lakini hesabu hiyo niliielewa haraka. Nikatupa fimbo. Nikasimama wima kama mlingoti. Nikasema nina sitini na saba kamili, na huyu bibi kizee ni dada yangu mkubwa, umri umemwingia kichwani, msameheni.

Binti akatutazama. Akasema, "Kama ni dada yako mkubwa, mbona tangu mmeingia hujamwamkia?"

Pensheni yangu imelala pale kwenye faili, inaningoja mimi. Nikapiga goti.

"Shikamoo, dada."

Mdogo wangu alirekebisha kitenge kwanza. Alikohoa.

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Binti akafunga faili. Nimepona. Lakini moyo unawaka.

Jumatatu, 31 Machi
Nyongeza ya mdogo wangu imetoka. Imenunua mche mmoja wa sabuni na robo kilo ya mchele, maana mwenye duka naye alisikia redio, akapandisha bei asubuhi ile ile. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakujali. Alinituma nimlete maji, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Na sukari yangu anainywa mbele yangu, vijiko vitatu!

Lakini Mungu si wa mmoja. Leo kuna tangazo mlangoni mwa ofisi ya mtaa. Wanatoa cherehani za bure kwa akina mama wajasiriamali wasiozidi miaka sitini na nne. Karatasi zangu zinasema sitini na saba.

Ni mitatu tu. Nani atajua? Fimbo nimeichochea jikoni. Kesho napaka nywele rangi.