Miss Solomon Kakataa Sambusa

Alhamisi, 30 Oktoba 2003

Swali lililonikera kwa miaka mingi ni hili: je, mama aweza kumkosea mtoto wake ilhali nia yake ilikuwa njema? Nimelitafakari kwa utulivu. Jibu ni hapana. Nakiri kwamba hakimu nilikuwa mimi.

Mambo yalivyo. Mwanangu Sundus, mwenye miaka ishirini na sita, kahamia Thamesmead, upande wa pili wa jiji, peke yake. Nikamtuma shemeji yangu Himid, dereva wa teksi, apite kumsalimu na, akiwa hapo, afungue friji. Kakuta maziwa nusu chupa, ndimu moja na rangi ya kucha. Ningenyamaza, yangekwisha. Sikunyamaza. Nilimpigia Sundus siku ile ile kumweleza kwamba ndimu si chakula. Sasa hapokei simu zangu. Kaleta ujumbe kupitia Himid huyo huyo: hatatia mguu kwangu Idi hii mpaka nikazungumze na mshauri nasaha. Mimi! Mwenye shahada mbili!

Nimekwenda. Lakini kwa mpango. Nimeomba mshauri Mweusi. Yule Mzungu niliyepelekwa mwaka jana, nilipokuwa sipati usingizi, aliniuliza kwa huruma kubwa kama niliozwa kwa nguvu. Mweusi ataelewa bila kuelezwa. Atamwita Sundus, atamkanya mbele yangu, mtoto ataomba radhi, tutakula Idi pamoja. Ndivyo wanavyosuluhisha wakubwa kwetu.

Miss Solomon ana rasta fupi na umri wa kuwa mwanangu. Kaniita Mardhiya. Mardhiya, hivi hivi, kama tuliocheza pamoja! Kisha kanikaribisha maji. Ramadhani! Nikamwambia nimefunga. Akaomba radhi, akaiondoa glasi, akauliza ningependa kuitwaje. Nikasema Bi Mardhiya. Tangu hapo hakukosea hata mara moja. Hasira yangu imekosa pa kukaa.

Hatamwita Sundus. Anasema saa hii moja ya ushauri ni yangu mimi. Niifanyie nini?

Alhamisi, 6 Novemba

Mpango wa pili: kujua Miss Solomon ni mtoto wa nani. Mtu ukishajua kwao, kazi imekwisha. Kumbe wazazi wake wametoka Jamaika, yeye mzaliwa wa Lewisham, hapa hapa mjini. Halafu kaniuliza kwa nini ni muhimu kwangu kujua. Kwa nini! Nilitaka Mweusi ili nisieleze chochote, na huyu ananielezesha kila kitu. Heshima kwangu ina maana gani? Kumtunza mtu ni kufanya nini? Ndani ya friji nilikuwa natafuta nini? Chakula, mwanangu! Watu hutafuta nini ndani ya friji?

Kwa haki niandike na hili. Nilipomsimulia habari ya yule Mzungu, alinyanyua unyusi mmoja, kidogo tu. Mwaka mzima nilikuwa nausubiri unyusi ule bila kujua. Huenda naupa thamani kupita kiasi.

Nilikuwa nimemchukulia sambusa. Kakataa, kwa upole, eti ndiyo kanuni ya kazi. Nimekataliwa chakula na Mweusi mwenzangu! Magharibi ikaingia nikiwa ghorofa ya juu ya basi. Nikazifuturu mwenyewe, zote, kwa uchungu. Zilikuwa nzuri.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimewasilisha kesi. Hoja, ushahidi, hitimisho. Nikamtaka atoe hukumu: mwenye makosa ni mimi au Sundus? Akanyamaza. Nami nikaamua kunyamaza kumzidi. Nimekaa kwenye semina za falsafa na watu wazito kuliko yeye, kimya hakinitishi.

Nimeshindwa. Nikajisikia namweleza kwamba nilipokuja kusoma hapa, mama yangu kule Pemba alimwagiza kila anayesafiri aje anitazame mikono, kama nimekonda. Nilichukia mno. Alipofariki, hakuna aliyekuja tena kunitazama mikono.

Kisha machozi. Boksi la karatasi za kujifutia limekaa upande wangu tangu siku ya kwanza. Ule ni mtego!

Miss Solomon akasema taratibu: Bi Mardhiya, labda ulitaka kujua kama Sundus bado ni wako. Nikamjibu nilitaka kujua kama ana mayai.

Alhamisi, 20 Novemba

Sundus kapokea simu! Nikamwarifu kwamba nimeshahudhuria mara nne, kwa hiyo nimepona. Akacheka. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mambo hayaendi hivyo, Mama. Lakini atakuja Idi, kwa sharti moja: nisimuulize anakula nini. Nikakubali palepale. Nikamuuliza angependa nimpikie nini. Kabla hajakata simu, nikamfafanulia kwamba swali hilo liko nje ya sharti.

Jumanne, 25 Novemba. Idi Mosi

Kaja! Sahani mbili za biriani, na ukoko kaukwangua. Sikuuliza kitu. Nilijiuma ulimi mpaka ukaniuma kweli. Alipokuwa ananawa nilimtazama mikono, kwa siri. Kaniona. Akaipandisha mikono ya gauni, akaninyooshea yote miwili, akasema, kwa Kiswahili: Haya, Mama, tazama basi.

Hajakonda.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo limezaa jingine. Kumchunguza mtu na kumpenda ni jambo moja au mawili? Sijui, na sioni nitajuaje: mama yangu, ambaye angenijibu, hayupo, na Miss Solomon hahukumu.

Biriani imebaki nyingi. Nimejaza bakuli na kumpa Himid ampelekee Sundus kesho. Lazima liingie kwenye friji, na hakuna binadamu anayetia bakuli kwenye friji huku kafumba macho. Huko si kuchunguza. Nimemwagiza aanzie droo ya chini, ambayo mara ile aliisahau.