Rundo Namba Saba

Jumatatu, 3 Machi

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mkurugenzi ametuita asubuhi, mimi na Bibi Mafaili, mwenzangu wa meza ya jirani hapa Kitengo cha Malalamiko ya Maji. Amesema kitengo kinapunguzwa. Atabaki mtu mmoja, awe Mkuu wa Kitengo, apewe na kile kiti cha ofisini kinachozunguka. Wa pili atapelekwa kituo cha pampu, mwendo wa saa tano kwa basi, akasome geji za presha ya maji peke yake na alale hukohuko. Atakayeieleza bodi vizuri zaidi wateja wanalalamikia nini ndiye atakayebaki. Ijumaa ya wiki ijayo.

Miaka kumi na moja nimekaa nyuma ya dirisha lile. Nakitaka kile kiti. Nataka siku moja nirudi nyumbani na habari njema, mke wangu aache kuniuliza kama nimekula na badala yake anipongeze.

Barua ziko 6,314. Mpiga Chapa ameziingiza zote kwenye kompyuta, bila majina ya walioandika, kwa kulinda siri zao. Bibi Mafaili ameshaagiza makasha saba kutoka stoo. Anataka kuzisoma. Zote! Nilimwonea huruma, kisha nikafurahi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa ya kung'oa jino, nikaenda semina ya kompyuta. Somo: kuchambua mada kwenye maandishi mengi. Siri yenyewe nimeipata. Unaipa programu barua zote, yenyewe inatazama maneno gani yanapenda kutembea pamoja, halafu inayagawa katika marundo. Kila rundo ni mada. Hakuna kusoma! Rundo halina jina; unaonyeshwa maneno yake makuu tu, jina unalitia mwenyewe.

Mkufunzi amesema mara tatu kwamba kabla ya kulipa rundo jina ni lazima ufungue barua zake kadhaa uzisome. Mtu wa kurudiarudia mambo. Mara ya tatu nilikuwa nimeshasimama kwenye foleni ya chai.

Nimerudi ofisini nimeshika shavu. Bibi Mafaili amenipa pole na karafuu za kuweka kwenye jino. Sikuwa na la kufanya, nikaziweka. Ulimi umekufa ganzi mpaka jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Programu imeuliza nataka marundo mangapi. Niliandika arobaini, nimfunike Bibi Mafaili na makasha yake saba. Kompyuta ikaunguruma tangu saa tatu hadi saa nane mchana. Matokeo ni aibu. Rundo la kwanza, kubwa kuliko yote: ndugu, mkurugenzi, yahusu, tafadhali, wako, mtiifu. Nililipa jina la Utii wa Wateja, nikapeleka kwa Mkurugenzi kama kionjo.

Mkurugenzi amesoma hadi mwisho. Kisha ameuliza kama ninadhani watu waliokosa maji miezi mitatu wanaandika ili kutuonyesha utii. Nikasema takwimu ndivyo zinavyosema. Akaniomba nifunge mlango, nikiwa upande wa nje.

Bibi Mafaili amefika barua ya mia nane. Macho mekundu. Anacheka peke yake, anasonya peke yake. Kuna barua moja ameisoma, akaniangalia kwa muda mrefu, akauliza kama nyumbani kwangu hawajambo. Nikajibu hawajambo kabisa. Njama tupu hizo za kunitoa kwenye mstari.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja kutusalimia, kama kila Jumapili tangu katikati ya mwaka jana. Amekuja na madumu yake mawili matupu, kama kawaida. Ameondoka nayo yamejaa, kama kawaida. Sijui wazee wana nini na mizigo. Nimeyabeba mwenyewe hadi kituo cha basi, mgongo ukalia. Anakaa ghorofa ya nne, sijui huko anayapandishaje.

Mkwe wangu ana heshima iliyopitiliza. Hata chumvi hawezi kuniomba nimsogezee. Humwambia binti yake, naye ndiye aniambie. Leo ameniuliza tu, macho chini, kama kazi inaendelea vizuri, baba. Nikamweleza habari za programu kwa saa nzima. Akasema inapendeza kwamba sasa barua zitasomwa. Nikamsahihisha kwa upole, kwamba hazitasomwa, ndiyo uzuri wake. Akamwangalia mke wangu. Mke wangu akaangalia dirishani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejipa moyo upya. Kumbe programu ina orodha ya maneno ya kupuuzwa. Nimetupa humo ndugu, mkurugenzi, tafadhali, mtiifu na takataka zote za salamu. Nimepunguza marundo yawe kumi na mawili, kwa kuwa ndiyo idadi ya viti vya bodi na kila mjumbe atapata lake.

Sasa ndiyo kazi! Mabomba yaliyopasuka, rundo la kwanza. Maji machafu, la pili. Mita mbovu, la tatu. Haya hata Bibi Mafaili atakuwa nayo. Lakini rundo la saba! Maneno yake: mkwe, binti, heshima, aibu, ngazi, madumu, nyumbani, Jumapili.

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena. Wateja wa maji wanalalamikia ndoa zao! Hakuna mtu katika idara hii aliyewahi kuligundua hilo. Madumu sijaelewa yanaingiaje, pengine ni zawadi za harusi. Nimelipa jina: Maji na Ndoa.

Jumatano, 12 Machi

Nimechora mwelekeo wa rundo la saba kwa miezi. Juni, barua mbili. Septemba, nne. Februari, saba. Jumla arobaini na moja, na mstari unapanda tu. Ndoa za mji huu zinabomoka, na mimi ndiye mwenye mchoro. Nitapendekeza tufungue Dawati la Ushauri wa Ndoa, chini ya Mkuu wa Kitengo, yaani mimi.

Mpiga Chapa amekuja mara mbili mezani kwangu, akasema kuna jambo kuhusu zile barua arobaini na moja, afadhali tuongee pembeni. Nikamwambia kila mtu atalisikia Ijumaa. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Nikajitia hamnazo. Wivu umeshaingia hadi chumba cha chapa.

Aliniachia mezani kile kifurushi cha kila wiki: majibu hamsini yaliyochapwa, Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa, nitie sahihi. Nimeyatia yote kwa dakika sita bila kuangalia yanakwenda kwa nani. Bahasha ni kazi yake.

Bibi Mafaili amemaliza kusoma. Barua 6,314! Amelala juu ya meza, miwani mkononi. Alipoamka aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimesoma walau barua moja ya kila rundo. Nikamwambia sayansi ya leo haisomi. Akasema, kaka, soma moja tu, ya juu kabisa, nakuomba. Mwanamke huyu anaogopa sana kituo cha pampu.

Ijumaa, 14 Machi

Bodi imekaa leo.

Bibi Mafaili alitangulia. Makasha saba, maelezo mafupi, hakuna mchoro hata mmoja. Wajumbe walipiga miayo. Nikasema moyoni kiti ni changu.

Nikasimama. Marundo kumi na mawili! Rangi kumi na mbili! Nilipofika Maji na Ndoa ukumbi mzima ulizinduka. Nikaonyesha mstari unavyopanda. Nikasema hawa wote arobaini na mmoja ni watu walioumizwa na wakwe zao. Nikagusia Dawati. Mwenyekiti alikuwa anaandika! Mkurugenzi alikuwa anatikisa kichwa, nikadhani ananikubali.

Kisha Mwenyekiti akaomba tu kusomewa barua moja ya rundo hilo, asikie wananchi wanavyosema. Sikuwa nayo. Nikaeleza kwamba programu haihitaji. Akasema yeye anaihitaji. Bibi Mafaili alikuwa nayo kwenye kasha lake la nne. Hakutaka kuitoa. Nitasema ukweli, hakutaka kabisa. Alisema anaomba iachwe. Mimi ndiye niliyemwambia mbele za watu asifiche ushahidi.

Akaisoma.

“Hii ni barua yangu ya arobaini na moja. Nakaa ghorofa ya nne na bomba halijatoa tone tangu Juni. Kila Jumapili nakwenda na madumu kwa binti yangu kuchota maji, kisha nayapandisha ngazi kwa awamu, moja moja, kwa sababu ya magoti. Nimepokea majibu yenu yote kwamba barua imepokelewa. Sahihi iliyo chini yake naifahamu, ni ya mkwe wangu. Nyumbani sijamweleza, naona aibu kumletea mkwe shida za kazini akiwa nyumbani kwake, na yeye ananiheshimu sana, hunibebea madumu hadi kituoni. Naomba ofisi imkumbushe kwa upole, bila kumwambia ni mimi.”

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hawakuwa watu arobaini na mmoja. Alikuwa mtu mmoja, mara arobaini na moja, na mwezi ambao mstari wangu ulipanda zaidi ndio mwezi aliokata tamaa zaidi.

Mwenyekiti aliuliza nani alipaswa kushughulikia barua hizo. Mkurugenzi akaniangalia. Nikasema kwamba kitaalamu, rundo lilikuwa limebainishwa kwa usahihi.

Kiti amepewa Bibi Mafaili. Kazi yake ya kwanza, hata kabla ya kukikalia, ilikuwa kumpigia simu fundi wa mabomba.

Jumamosi, 15 Machi

Maji yametoka kwa mama mkwe tangu saa moja asubuhi. Valvu moja tu ilikuwa imekwama. Dakika ishirini za fundi, baada ya miezi tisa.

Mama mkwe amempigia simu binti yake. Anaomba radhi kwa kuniaibisha kazini. Yeye ndiye aniombe radhi mimi! Nilijifungia bafuni, nikafungua bomba lisikike, nikalia. Nimeona haya ambazo sijawahi kuziona maishani mwangu.

Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alisema kitu kimoja: mama anakuja kesho, bila madumu, nikae nimwombe samahani kwa mdomo wangu.

Nimejaribu kuandika kwanza, maana kwa mdomo siwezi. Nimekaa saa mbili. Mkono wenyewe uliandika: Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa. Nimeichana.

Jumapili, 16 Machi

Nimepanda basi la saa kumi na mbili asubuhi kuja kituo cha pampu. Nilitakiwa kuripoti Jumatano. Niliacha kikaratasi kwamba kazi imeniita mapema. Ni uongo, na mke wangu anajua ni uongo.

Ijumaa, 28 Machi

Chumba kimoja, kitanda kimoja, geji nne. Nazisoma asubuhi, mchana na jioni. Hazijawahi kubadilika. Nimechoka kwa namna mpya, ya mtu asiyefanya kitu.

Mke wangu ameniandikia kila siku tangu niondoke. Ujumbe tisini na sita kwenye simu. Sijafungua hata mmoja. Nauogopa. Kila simu inapotikisika natoka kwenda kusoma geji.

Lakini mtu hawezi kuishi hivyo na ndoa yake. Leo nimechukua hatua ya kiume. Nimehamishia ujumbe wote kwenye kompyuta ya kituo, nikafungua programu. Safari hii sitarudia kosa lile la marundo mengi. Nimetaka rundo moja tu. Maneno yamekuja safi: nyumbani, mlango, wazi, njoo, Jumapili, mama, samahani.

Niliyatazama kwa utulivu, nikayapanga, na jambo zima likaeleweka. Mlango wa nyumbani umeharibika. Unabaki wazi. Mama mkwe akija anaona hatari. Mke wangu anaomba samahani kwa kunisumbua, ila fundi aje Jumapili. Nimelipa rundo jina: Ukarabati. Maskini, siku kumi na mbili zote hizo analala mlango haufungi, na mimi nahofia anataka kunisema!

Nimempigia seremala papo hapo. Jumapili saa mbili asubuhi atakuwa pale. Atatia kitasa kipya, komeo la chuma juu na lingine chini, lile ambalo haliwezi kufunguliwa kutoka nje bila ufunguo. Ameniuliza funguo ngapi. Nimemwambia mbili zinatosha, mmoja ampe mke wangu na mwingine mama mkwe. Mimi niko huku, wangu wa nini.