Roshani ya Upande wa Machweo

Meli ilikuwa haijatoka hata mdomo wa mto Brisbane, na Lyle Pascoe alikuwa ameshapata watu wa kuwaibia. Lakini kusema kuiba ni kumkosea adabu. Mwenyewe alipenda kusema kwamba kazi yake ni kuwasaidia watu kuachana na fedha zisizowapa furaha. Kwa huduma hiyo alikuwa ameishi vizuri tangu ujana wake, ukiacha vile vipindi ambavyo serikali ya Queensland ilimlisha na kumlaza bure, nyuma ya geti kubwa.

Watu wenyewe walikuwa mume na mke, Trevor na Glenda Hoskins, wauza mabwawa ya kuogelea wa Gold Coast. Walikuwa wamekaa kwenye baa ya sitaha ya juu, wakilalamika kwa sauti ambayo haikumnyima mtu yeyote nafasi ya kusikia.

"Unajenga nyumba kwa jasho lako," alisema Trevor, "halafu baraza la mji linakutoza kodi kwa kosa la kuwa na paa."

"Na paa lenyewe linavuja," alisema Glenda. "Yaani tunalipia mvua."

Lyle alivuta kiti karibu. Alikuwa na upara uliong'aa vizuri, ndevu nyeupe zilizochongwa, kofia ya gharama na tabasamu la mtu anayekuja kukwambia umerithi kitu.

"Mnisamehe, ndugu zangu, sikukusudia kusikiliza. Ila nauliza tu: nyumba ya nchi kavu mnaing'ang'ania ya nini? Mimi yangu niliuza. Sasa naishi majini."

Akawaeleza. Kulikuwa na meli inajengwa, meli ya makazi, ambapo mtu hakodi chumba bali ananunua, kinakuwa mali yake mpaka kufa. Unaamka Tahiti, unakula mchana ukielekea Fiji, na baraza la mji likitaka kodi, lije likiogelea.

"Hakuna kodi kabisa?" Trevor aliuliza, na sauti yake ikatetemeka kama ya mtu aliyeona malaika.

"Kaka, samaki hawana ofisi ya mapato."

"Mbona hatujaisikia hii meli?" aliuliza Glenda.

"Shemeji, ungeisikia, ungekuta imejaa watu wanaosikia mambo. Hii ni ya wachache."

Glenda alinyoosha mgongo. Alikuwa amengoja maisha yake yote mtu amwite mmoja wa wachache.

"Na vyumba vyake vikoje?" alisema. "Mimi bila roshani sikai. Nataka roshani yangu peke yangu, nivae nitakavyo, ninywe chai nikiangalia bahari, jirani asinione."

"Kama changu cha hapa hapa," alisema Lyle. "Roshani upande wa machweo. Karibuni kesho alasiri, mjionee jinsi binadamu anavyopaswa kuishi."

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na kasoro yake ilikuwa moja tu, kwamba chumba cha Lyle kilikuwa chini kabisa, mkabala na chumba cha kufulia, hakina roshani wala dirisha. Ukutani kulikuwa na pazia, na ukilifungua pazia ulikutana na ukuta. Aliyelitundika lile pazia alikuwa na roho mbaya, au alikuwa mwenzake Lyle kikazi.

Kwa hiyo Lyle aliondoka pale baa, meli ikiwa imeshaingia baharini, akiwa na shida ya kweli. Unaweza kumuuzia mtu meli isiyokuwepo, lakini huwezi kumuuzia ukimkaribisha kwenye chumba kinachonuka sabuni ya kufulia.

Msaada ulimjia kwenye lifti. Aliingia mzee mmoja, naye ana upara, naye ana ndevu nyeupe, naye amebabuliwa na jua kuwa rangi ya kamba aliyechemshwa. Hilo halikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa nusu ya wanaume ndani ya meli ile walikuwa hivyo, kiasi kwamba wake zao walikuwa wakiwatambua kwa viatu. Kilichomvutia Lyle ni kwamba mzee alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, anahema.

"Vipi mzee, bahari haikupendi?"

"Roshani," alisema yule mzee kwa uchungu. "Watoto wangu wamenilipia chumba chenye roshani. Mimi ni mtu wa Toowoomba, kijana, nimezoea ardhi iliyotulia. Kila nikifumbua macho naona maji yanapanda, maji yanashuka. Ningepata shimo lisilo na dirisha ningelala kama mtoto."

Moyo wa Lyle uliruka kwa furaha, lakini uso wake ukabaki kwenye majonzi. Uso wa Lyle ulikuwa na nidhamu kuliko kiungo chake kingine chochote.

"Mzee wangu, unaitwa nani?"

"Mervyn Tuckwell. Niite Merv."

"Mzee Merv, mimi nina chumba katikati kabisa ya meli. Hakitikisiki. Giza tupu. Ni cha bei ya juu, kwa sababu za kiafya, unaelewa? Lakini nikikuangalia namkumbuka marehemu baba yangu." Baba yake alikuwa hai, anacheza kamari Cairns. "Chukua kadi yangu ya chumba, nipe yako. Siku ya kushuka tunarudishiana. Mateso ya roshani nitayabeba mimi."

Merv alifumbua jicho moja. "Chumba chako kina kifurushi cha vinywaji vilivyokwisha kulipiwa?"

"Kinacho, ila..."

"Basi kiende na kadi. Na hiyo kofia. Jua linaniua."

"Mzee, kofia hii..."

"Na saa."

"Saa ya nini tena?"

"Ndani ya chumba cha giza, kijana, nitajuaje kama kumekucha?"

Lyle alivua saa. Alijiambia kwamba hizo ni gharama za biashara, na mzee mwenye shida ya kichwa huachiwa vijizawadi. Wakabadilishana kadi pale pale, na kila mmoja akashuka na huruma tele kwa ujinga wa mwenzake.

Lazima isemwe kwamba roshani ilikuwa tamu. Lyle aliketi kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya ukingo wa vioo, joho jeupe la meli kifuani wazi, na Bahari ya Matumbawe yote ikawa imetandazwa mbele yake kama mali ya familia. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemuuliza anafanya nini. Alikunywa chai huku pomboo wakiruka, akawapungia mkono kama bosi anavyowapungia wafanyakazi. Kwa muda mfupi alisahau kabisa kwamba amekuja kuiba, na hiyo kwake ndiyo ilikuwa likizo ya kweli.

Alasiri ya kesho yake Hoskins na mkewe walifika, Glenda amevaa gauni la kukutana na wachache wenzake. Rodel, mhudumu wa vyumba, kijana wa watu kutoka Cebu, Ufilipino, ambaye kwake wazee wote wenye upara walikuwa mtu mmoja, alikuwa ameleta kamba, jibini na mvinyo, vyote kwa kadi ya mzee Tuckwell.

"Mama yangu wee," alisema Glenda, akishika kingo za roshani. "Trevor, njoo uone. Hakuna mtu! Hakuna hata mtu mmoja!"

"Kwenye ile ya makazi," alisema Lyle, "roshani ni kubwa mara mbili. Tatizo ni kwamba zimebaki kidogo, na kuna jamaa mmoja wa Perth, wa migodini, anazitaka zote."

"Wa migodini!" Trevor alikasirika kana kwamba mtu wa Perth ameshamkalia kiti. "Hao watu wana tamaa. Unataka kishika uchumba? Ninacho taslimu. Bwawa likilipiwa taslimu, nani anahitaji kujua?"

Akaingiza mkono kwenye koti na kutoa bahasha nono. Lyle alitazama upande wa bahari, kama muungwana asiyependa kuona fedha, huku kiganja chake kikifunguka taratibu chenyewe.

Mlango ukagongwa. Akaingia nesi wa meli, mwanamke wa Kifiji mwenye mabega mapana, barakoa usoni na glavu mikononi. Nyuma yake alisimama mlinzi, naye kajifunika.

"Bwana Tuckwell," alisema nesi, "jana nilikwambia nini?"

Trevor alirudisha bahasha nusu njia. "Tuckwell? Si ulituambia unaitwa Pascoe?"

Hapa mtu wa kawaida angekauka ulimi. Lyle aliinamisha kichwa na kunong'ona, "Kaka, ukiwa na mali baharini, unakuwa na jina la baharini. Mambo ya kodi."

Trevor alimtazama kwa heshima mpya kabisa. Bahasha ilianza tena safari.

"Nilikwambia usitoke chumbani mpaka majibu yatoke," aliendelea nesi. "Yametoka. Una kirusi cha tumbo, baba. Ndiyo maana jana ulitapika mpaka kwenye viatu vya Rodel. Na hawa wageni wamekula na wewe?"

Glenda alimtazama kamba aliyekuwa katikati ya vidole vyake. Alimweka chini polepole, kama bomu. Kisha akapiga yowe, akampita mlinzi, na Trevor akamfuata na bahasha yake ameikumbatia kifuani, akifuta midomo kwa tai. Kufikia jioni meli nzima ilijua habari za tajiri mwenye majina mawili na tumbo moja bovu.

"Dada," alisema Lyle walipobaki, "kuna makosa. Mimi sijatapika. Nitazame, mzima kabisa."

"Jana ulikuwa umejifunika shuka mpaka puani, unalia kwamba ni chaza ulizokula hotelini Brisbane. Leo unakunywa mvinyo. Ndivyo kinavyofanya, kinakuja kinaondoka, na kinaambukiza." Alikodoa macho. "Au unataka kuniambia wewe si Mervyn Tuckwell? Maana kutumia kadi ya mwingine ni kesi. Polisi wa Brisbane wangetungoja gatini."

Lyle aliwafikiria polisi wa Brisbane. Walimjua vizuri, na mmoja wao alikuwa na kawaida ya kumuulizia hali ya mama yake. Akajilaza kitandani na kushika tumbo.

"Aa, dada yangu," akasema kwa sauti ya mgonjwa. "Nadhani linaanza tena."

Kuanzia hapo alikuwa na roshani yake peke yake, kwa namna ambayo hata Glenda asingeitamani. Kadi ilizimwa, mlinzi akawekwa mlangoni, na jikoni wakapewa amri ya kumlea. Asubuhi uji wa mchele. Mchana biskuti kavu. Jioni, kwa kubadilisha, uji wa mchele wenye biskuti ndani yake. Rodel alisukuma sinia kwa mpini wa ufagio.

"Rodel, ndugu yangu, kipande cha kuku tu."

"Mzee, viatu vyangu bado vinanuka," alijibu Rodel, na mlango ukafungwa.

Bandari ya kwanza, Nouméa, aliiona kwa mbali. Walipofika bandari ya Vila, meli ilifunga gatini, na roshani yake ikatazama moja kwa moja abiria wakimiminika kwenda kwa akina mama wa sokoni wenye magauni ya maua. Katikati yao alimwona mtu mwenye kofia ya gharama, nazi mkononi, mdomo umejaa ndizi za kukaanga. Mguu wake ulikuwa mwepesi ajabu kwa mtu asiyepatana na maji.

"Merv!" Lyle aliita. "Wee Merv! Mzee mshenzi wewe!"

Mzee aliinua uso, akakinga jua kwa mkono uliovaa saa.

"Ooh, rafiki yangu! Mateso ya roshani yanaendeleaje?"

"Ulijua! Ulijua nesi atakuja!"

"Mimi sikujua, nilihisi. Nesi ameshachukua kipimo, kijana, na amenyamaza hivi. Nimeoa wanawake wawili, naujua ule ukimya." Alifyonza nazi. "Nilitoka kutafuta mtu wa kunihurumia, Mungu akakuleta kwenye lifti. Umebarikiwa sana, wewe. Roho yako kama ya padri."

"Nitawaambia ukweli!"

"Waambie. Nami nitawaambia nilikuwa mzee mgonjwa, kichwa kinazunguka, na tapeli akaninyang'anya kadi na roshani yangu. Ukiwa wewe ndiye nesi, utamwamini nani?"

Lyle alichukua biskuti kavu ya mchana, akamrushia, ikaishia majini. Njaa ilikuwa inamuuma, na harufu ya ndizi ilikuwa inapanda mpaka kwenye roshani.

Asubuhi ya kurudi Brisbane karantini iliondolewa. Merv alipita, amenawiri, wakarudishiana kadi kwenye korido. Saa na kofia havikutajwa. Merv alikuwa amevivaa kwa utulivu wa mtu aliyezaliwa navyo.

Lyle alishuka mbele yake akitaka kuondoka haraka, lakini kadi yake ilipopitishwa, mashine ilipiga kelele. Bwana Pascoe alikuwa hajalipia akaunti. Masaji, kamba wakubwa wa kisiwa cha Lifou, darasa la dansi, na picha kubwa ya mzee mwenye kofia akikumbatiana na nahodha, kwenye fremu.

Alikuwa bado anabishana na karani alipoona ofisa wa meli, mwenye vifungo vya dhahabu, akimkimbilia Merv na shada la maua.

"Bwana Tuckwell! Kwa jinsi ulivyovumilia kule ndani bila kulalamika, kampuni imeona ikupe safari nyingine bure. Tahiti. Chumba kikubwa, roshani pande mbili."

Merv alitoa kitambulisho chake, akasaini, akafuta machozi ya kweli.

"Nilikuwa na uchungu sana," alimwambia ofisa. "Lakini kuna mtu aliniombea." Akamgeukia Lyle, akamshika bega kwa upole. "Na wewe, kijana, pole. Umekonda. Ule kitu."

Akashuka ngazi taratibu, akipungia gati zima. Karani alisafisha koo na kuirudisha mashine mbele ya Lyle, akamuuliza kama ile picha wamfungie vizuri au ataibeba hivyo hivyo.